Kwa Nini Watu wa Isangilo Hutajiana Majina Nje ya Kanisa

Zamani, kabla barabara haijafika Isangilo, ukungu wa mlimani ulikuwa ukikaa mabondeni hata adhuhuri, na watu waliishi ndani yake kama samaki waishivyo ndani ya maji. Kanisa lilikuwa jipya, la matofali mabichi na paa la nyasi, nalo lilijengwa karibu na ukingo wa korongo, maana hapo ndipo palipopatikana kiwanja. Lilikuwa na milango miwili, mmoja wa wanaume na mwingine wa wanawake. Mwalimu akishatoa baraka, kila mtu alitoka kwa mlango wake akashika njia ya kwao. Kungojana hakukuwapo, wala kupeana mikono.

Katika kanisa hilo alisali Tusekile, mwanamke mrefu, mpole wa sura, ambaye moyoni mwake kulikuwa na jiwe. Dada yake mkubwa, Atuganile, alikuwa amemzika mama yao pasipo kumwita. Tusekile alikuwa ameolewa ng'ambo ya mto, na habari za msiba zilimfikia kaburi likiwa limekwisha kuota nyasi. Tangu hapo hakumsemesha dada yake. Hata alipohamia Isangilo na mumewe, wakawa wanasali pamoja, Tusekile alikaa benchi la nyuma na kungoja Atuganile atoke kwanza, ili njia zao zisikutane. Ajabu yake ni kwamba walikuwa na sauti moja. Wimbo ulipopanda, watu hawakujua ipi ni ya mkubwa na ipi ni ya mdogo.

Jumapili moja, mwalimu akiwa katikati ya mahubiri, ukungu uliingia madirishani. Ulikuja polepole, mweupe kama maziwa yanayomiminwa, ukajaza kanisa kuanzia sakafuni. Tusekile aliona mabega ya watu wa mbele yakififia, kisha vitambaa vya vichwani, kisha hakuona kitu. Ilimjia hisia kama ya ndotoni, kwamba kanisa limeng'oka ardhini na linaelea, na kwamba walio hai na waliokufa wameketi pamoja humo, wametulia, wanasikiliza neno lilelile. Alimfikiria mama yake. Akatamani kunyoosha mkono amguse.

Baraka ikatolewa. Watu wakatoka wakipapasa kuta. Mara mtu akajikwaa, jiwe likabingirika, nao wakalisikia likianguka, likianguka, bila kusikia lilipotua.

"Asiondoke mtu!" mwalimu akapaza sauti. Jina lake Anyelwisye, mtu asiyezoea kupiga kelele. "Jamani, korongo liko miguuni petu. Shikaneni mikono. Kila mmoja ataje jina lake, tujue nani yupo."

Tusekile alikuwa ndiyo kwanza anatoka. Alinyoosha mkono katika weupe ule, na mkono mwingine ukaushika. Ulikuwa wa baridi. Akaufunika kwa viganja vyake viwili, akaupasha joto, kama afanyavyo mtu kwa mtoto aliyenyeshewa. Majina yakaanza kuja, moja baada ya jingine, mengine yakiwa karibu, mengine kama yanatoka chini ya maji. "Ni mimi, Mwaijande." "Ni mimi, Bupe." "Ni mimi, Lugano."

Zamu ikafika. "Ni mimi, Tusekile," akasema.

Mkono ule ukashtuka. Ukaanza kujichomoa, kidole kwa kidole, na Tusekile akasikia majani yakikanyagwa upande wa korongo. Hapo akajua ni nani, maana Isangilo nzima hapakuwa na mwingine ambaye angekimbia jina lake.

Angeweza kuuachia. Baadaye alikiri kwamba kwa pumzi moja aliwaza hivyo. Kisha akaukamata kwa nguvu zake zote, akauvuta.

"Usirudi nyuma, dada. Nyuma hakuna ardhi."

Ukungu ukapita kati yao bila sauti.

"Ni mimi, Atuganile," sauti ikasema hatimaye. Kisha, chinichini, "Mama ndiye aliyenikataza kabla hajafa. Ulikuwa mjamzito, na mto umefurika. Alisema, 'Ukimwita atavuka. Usinizikie wawili.'"

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie wapi, mdogo wangu? Kila nikigeuka ulikuwa umegeuza uso."

Tusekile alilia tu, bila kuuachia mkono ule, wala hakuna aliyemwona akilia. Wakasimama hivyo, mduara mzima, wakiimba ili wasilemewe na hofu, mpaka jua lilipopasua ukungu na kila mtu akaona amemshika nani.

Jumapili iliyofuata anga lilikuwa safi. Ibada ilipokwisha, Tusekile hakwenda zake. Alisimama nje ya mlango, akampa dada yake mkono, akasema, "Ni mimi, Tusekile." Bupe akaja, naye akataja jina lake, akasimama ubavuni pao. Mstari ukaanza kujipinda.

Mzee Mwaijande, mzee wa kanisa, alikunja uso. "Mwalimu, jambo hili limeandikwa wapi?"

Anyelwisye aliomba muda. Wiki nzima alisoma, na Jumapili akasema wazi mbele ya wote, "Nimetafuta, sikuona palipoamriwa. Nisiwadanganye. Wala sikuona palipokatazwa. Anayetaka kwenda aende, na anayetaka kubaki abaki."

Mwaijande akachukua fimbo yake akaenda. Alifika kwenye migomba, akageuka. Walikuwa wanaimba, na kati ya watu wawili palikuwa na nafasi moja, ambayo walikuwa wamemwachia. Akasimama pale kwa kitambo kirefu. Kisha akarudi, akaegemeza fimbo ukutani ili mikono yake miwili iwe huru.

Na tangu siku hiyo, watu wa Isangilo hawaondoki ibada inapokwisha. Wa kwanza kutoka husimama, wa pili humpa mkono na kusimama karibu naye, na hivyo hivyo mpaka mduara uzunguke uwanja wote, na pasiwe na aliyepitwa. Kila mmoja hutaja jina lake, mume kwa mkewe, mtoto kwa mzazi, hata jua likiwa linawaka. Wageni hucheka, huuliza kwa nini watu wanaofahamiana tangu utotoni wajitambulishe kila wiki. Wenyeji hawawajibu haraka. Huwashika mkono kwanza, na kungoja wataje jina.