Mshahara wa Kukaa

Katika mji wa Durari, mji uliojengwa juu ya mwamba mtupu usio na mto wala kijito, alitawala Sultani Ghadhanfari bin Twahiri, mwenye taji la yakuti na ndevu zilizofukizwa udi, na ajabu ya mji huo ilikuwa maji, kwani mvua ilinyesha mara moja kwa miaka mitatu na bado mabirika saba ya marumaru yalifurika usiku na mchana, na mawaridi yakachanua mpaka vichochoroni, na hapakuwa na mwanamke wa Durari aliyejua kubeba mtungi kichwani. Watu wakasema ni baraka ya Sultani. Baraka! Subiri uisikie baraka yenyewe.

Basi katika mji huo aliishi mjane kijana jina lake Badiria, na mumewe alikuwa mwashi aliyeanguka kutoka mnara wa jumba la Sultani akafa, na jumba halikutoa hata sanda, na akamwachia mtoto wa kike wa miezi mitano aitwaye Lulua. Badiria akawa anatwanga mpunga kwenye nyumba za watu, mtoto mgongoni, mchi mkononi, toka alfajiri mpaka adhuhuri, na viganja vyake vikatoka malengelenge na malengelenge yakapasuka na yakatoka mengine, na maziwa yakaanza kumkauka kwa njaa. Lulua alikuwa akilia, halafu akaacha kulia, na hapo ndipo Badiria alipoingiwa na hofu ya kweli, maana mtoto mwenye njaa akinyamaza, mama yake anajua kinachofuata.

Siku hiyo hiyo Waziri Maimuni akapiga hodi mlangoni pake, kilemba cheupe, viatu vya ngozi, na watumwa wawili nyuma yake.

"Karibu, mheshimiwa," akasema Badiria, akitafuta pa kumkalisha asipaone.

"Tumesikia unanyonyesha."

Badiria akajifunika vizuri. "Namnyonyesha mwanangu, bwana wangu. Sinyonyeshi wa watu."

"Hakuna aliyekuomba hilo. Sultani, Mola amzidishie umri, anakupa kazi. Dinari mia kila Ijumaa, na mchele, na samli, na paja la mbuzi."

"Kazi gani?"

"Kukaa."

"Kukaa wapi?"

"Kwenye takia."

"Na nikishakaa?"

"Unaondoka."

Shangazi Zuwena, aliyemlea Badiria tangu mdogo na ambaye muda wote huo alikuwa nyuma ya pazia akiokota kila neno, akatoka mbio hata ushungi haujakaa sawa. "Atakaa, bwana wangu! Huyu kwa kukaa hana mfano! Tangu mtoto anakaa vizuri!"

Na Badiria akakubali, na nani angekataa? Akapelekwa kwenye ua wa chini kabisa wa jumba, na hapo sakafuni akaona kifuniko cha shaba kipana kama gurudumu la mkokoteni, na kando yake takia la mahameli, na kutoka chini ya kifuniko ukatokeza mnyororo mwembamba wa fedha, na pete ya mwisho ya mnyororo huo akawekewa mapajani. Basi. Akae hapo toka jua linapochomoza mpaka linapofika kizingiti cha dirisha, halafu aende zake. Hakuna kufagia, hakuna kupika, hakuna hata kusalimia mtu.

Tena watu wa Durari walikuwa na desturi yao ya ujira, ambayo hata mpagazi wa sokoni aliifuata: mlipaji huweka malipo kwenye sinia mbele ya mashahidi wawili, na anayelipwa hayagusi mpaka aseme kwa sauti, "Nimepokea, na ni halali yangu." Bila maneno hayo malipo hayajatimia. Badiria alikwisha kuyasema mara nyingi mno kwa kibaba cha mchele, kwa hiyo Ijumaa ya kwanza akayasema bila kufikiri, na mnyororo ukamkaza kidogo mapajani, akadhani ni ubaridi wa fedha.

Maisha yakageuka. Lulua akanenepa mikunjo mikunjo, maziwa yakarudi, viganja vikapona, na shangazi akaanza kuvaa hariri mpaka sokoni kununua vitunguu. Lakini Badiria hakulala vizuri, kila siku anajiuliza, mia kwa nini? Kwa nini wanilipe mia? Wanachokinunua ni nini?

Juma la sita likajibu. Ilikuwa asubuhi, Lulua amelala fofofo pembeni yake, amenyonya ameshiba, na ghafla kifua cha Badiria kikajaa na maziwa yakamtoka yenyewe yakamlowesha kanzu. Aliyewahi kunyonyesha anajua kwamba maziwa huja hivyo pale mtoto anapolia. Akamtazama Lulua, Lulua anakoroma. Akazuia pumzi akasikiliza, na mbali chini ya kifuniko, ndani ya mlio wa maji, akasikia mtoto mchanga analia, kile kilio cha njaa ambacho hakifanani na kingine.

Akalala kifudifudi akaweka mdomo kwenye ufa wa shaba. "Nani huko? Nani ana mtoto huko?"

Sauti ikapanda kutoka chini, sauti nzito ya kike, na sakafu ikatetemeka. "Ewe binti wa Adamu, mimi ni Kashuru, jini, na mtoto ni wangu, na wewe ndiye uliyenikalia."

Badiria akamnyakua Lulua akataka kukimbia.

"Usikimbie," ikasema sauti. "Miaka mia mbili nimesubiri mmoja aulize. Mchawi wa babu wa babu yake Sultani alimnyakua mwanangu akamtia katika chupa ya shaba, akaificha ndani ya mwamba, nami nachimba kwa kucha zangu kuifuata sauti yake, na ninapochimba maji hububujika, na kila Ijumaa ninapokaribia kuigusa chupa, uchawi huihamishia mwamba mwingine. Hayo ndiyo maji mnayooga."

"Wewe ni jini! Kamnyororo kama haka huwezi kukakata?"

"Jini hafungwi kwa nguvu, hufungwa kwa haki, na mchawi yule haki hakuwa nayo, basi akaenda kuinunua kwa mwenye njaa. Kila juma mama anayenyonyesha hutamka mbele ya mashahidi kwamba anachopata kwa kunikalia ni halali yake, na mnyororo hupata nguvu ya siku saba. Kabla yako alikuwepo mwingine, na kabla yake mwingine. Wote walikuwa watu wema. Mmoja alikuwa akiniimbia."

Badiria akarudi nyumbani akilia njia nzima, akamweleza shangazi yote, na shangazi akaendelea kuchambua mchele.

"Jini ni jini," akasema.

"Shangazi, ana mtoto!"

"Na wewe una mtoto. Ulimfunga wewe? Hukumfunga. Ukiondoka ataachiwa? Hataachiwa, ataletwa mwenzako mwingine mwenye akili zaidi, naye atakula hiyo mia. Mwanangu, unataka kurudi kwenye mchi? Angalia mashavu ya huyu Lulua. Hebu yaangalie, halafu uniambie habari za jini."

Badiria akayaangalia mashavu. Na Ijumaa hiyo akasema ni halali yake, na Ijumaa iliyofuata akasema tena, na tusimpambe kwa maneno mazuri, alijua na alikula. Akajaribu kujisafisha kwa njia nyingine, akagawa nusu ya dinari kwa maskini, na akawa anadondosha tende kwenye ufa wa kifuniko, moja moja, zilizotolewa kokwa.

"Tende zako tamu," Kashuru akamwambia. "Ijumaa utasemaje?"

Neno hilo likamchoma kuliko tusi. Akavaa baibui lake, akambeba Lulua, akaenda barazani kwa Sultani na woga wake, na mawaziri wote wamekaa kwa daraja zao, na Sultani juu ya kiti cha pembe.

"Ewe mjane," akasema Sultani Ghadhanfari baada ya kumsikiliza, kwa upole mwingi, na upole wake ndio uliokera zaidi, "je, wewe ndiye uliyemtega jini huyu?"

"La, bwana wangu."

"Ulimtia mwanawe chupani?"

"La."

"Umempiga? Umemtukana?"

"La, bwana wangu. Nimekaa."

"Basi kosa lako liko wapi?"

"Hapo hapo kwenye kukaa."

Baraza zima likacheka. Waziri Maimuni alicheka mpaka akafuta machozi. Sultani naye akatabasamu, akasema, "Ama kwa hakika una ulimi mzuri. Sikiliza neno letu. Kuanzia leo ni dinari mia mbili. Na kama upweke ndio unaokusumbua, tutakuoa, uwe mke wetu wa nne, na mwanao alelewe pamoja na mabinti wa kifalme. Mji huu una watu elfu thelathini wanaokunywa. Utawaua kwa ajili ya kilio?"

"Wana mikono, bwana wangu. Wachimbe."

Tabasamu likamwondoka Sultani. "Anayekataa ujira wetu mwanawe huwekwa rehani jumbani, mpaka mama arudiwe na adabu. Mchukueni mtoto."

Wakamnyang'anya Lulua mikononi, hivi hivi, mbele ya wanaume arobaini wenye vilemba, na hakuna aliyeinuka. Ndipo hasira ikampanda Badiria ikaupita woga, akapiga kelele mpaka mataa ya kioo yakalia juu ya dari: "Kumbe sasa mna chupa mbili! Nyie wazee wazima, mnashiba kwa watoto wachanga! Hata aibu? Hata kidogo?"

Wakamtoa nje wakimburuta. Ilikuwa Jumatano.

Ijumaa wakamleta kwenye ua wa chini. Sinia limewekwa, dinari mia mbili zinang'aa, mashahidi wawili wamesimama, Sultani mwenyewe amekuja, na Waziri Maimuni amempakata Lulua vibaya, kama anayeshika samaki, na Lulua analia siku ya pili sasa hajanyonya ziwa la mama yake. Pete ya mnyororo ikawekwa mapajani.

"Sema maneno yako," akasema Waziri, "umchukue mwanao mwende nyumbani mkale. Maneno matano tu, mwanamke."

Na Badiria alitaka kuyasema. Wallahi alitaka. Alikwisha kufungua mdomo, na neno la kwanza likatoka, "Nimepokea," na hapo kilio cha juu na kilio cha chini vikachanganyika, na maziwa yakamtoka, na akasikiliza, na kwa dakika nzima hakuweza kujua kilio kipi ni cha wa kwake.

"Nimepokea," akasema tena, "na si halali yangu. Na zile za Ijumaa saba zilizopita hazikuwa halali yangu, na mbili za mwisho nilizila nikijua."

Mnyororo ukayeyuka mapajani kama samli. Kifuniko kikaruka kikapita paa za jumba, na ukatoka moshi mweusi wenye cheche, na ndani ya moshi Kashuru jini, kichwa kinagusa minara, kucha zimelika mpaka kwenye mifupa, na kiganjani ameishika chupa ya shaba, na akaiponda kwa vidole viwili kama mtu anavyoponda njugu. Kikatoka kitoto cha rangi ya moto, akakiweka kifuani, kikanyamaza. Miaka mia mbili, na kikanyamaza papo hapo.

Kisha akanyoosha mkono wa pili akampokonya Waziri Lulua.

"Nipe mwanangu!" Badiria akapiga ukelele, akarukia kidole cha jini akakiuma. "Nipe! Nimekufungua, nipe!"

Kashuru akamwinua Lulua mpaka usoni, akamnusa utosini, muda mrefu, kama mama yeyote anavyomnusa mtoto yeyote, akamshusha mapajani mwa mamaye.

"Sikushukuru," akasema. "Wa kwangu sikurudishiwa hivi."

"Najua," akasema Badiria.

Na jini akapaa na mwanawe, na Sultani na Waziri waliokuwa wamejikunyata ukutani wakiisubiri adhabu yao hakuwatazama hata mara moja. Hakuwa na wakati nao.

Saa hiyo hiyo mabirika saba yakanyamaza. Kufikia jioni Sultani alikwisha kupakiza ngamia tisa dhahabu na kukimbilia kwa wakwe zake, na Waziri kazunguka mji mzima akieleza kwamba yeye alikuwa anatumwa tu. Na watu wa Durari, badala ya kumkimbiza Waziri, wakaenda kwa nani? Kwa mjane. Wakajaa mlangoni na mawe. "Umetukaushia mji! Mrudishe jini wako!"

Badiria akatoka, mtoto mgongoni, na tindo na nyundo za marehemu mumewe mkononi. "Mwenye kiu anifuate," akasema, "na mwenye jiwe alipeleke huko huko, tutajengea kisima." Akashuka peke yake kwenye shimo la ua wa chini akaanza kupiga mwamba. Siku ya pili akashuka mtu mmoja, mchonga kaburi aitwaye Hamduni. Siku ya nne walikuwa sitini, na Shangazi Zuwena akiwapikia, akilaani kila sufuria. Maji yaliyobaki mabirikani yakagawanywa kwa vibaba, na watoto wakanywa umande uliokusanywa kwa vitambaa. Siku ya kumi na tisa maji yakatoka, machache, yenye chumvi kidogo, ya kuvutwa kwa kamba, na kila nyumba ya Durari ikapata zamu yake ya kamba, mpaka nyumba ya Waziri.

Hamduni akamposa Badiria mwaka huo, akamwambia, "Mimi sina cha kukupa ila nusu ya kazi." Badiria akasema, "Nusu ipi?" wakacheka, na wakaoana, na hawakuwa matajiri lakini walikula kila siku. Na funzo la hekaya hii ni kwamba ukilipwa sana kwa kazi isiyokuchosha, nenda ukamtafute anayechoka, umjue kwa jina, kabla hujanyoosha mkono.

Ukifika Durari leo uwaulize wazee wake, watakuapia kwamba hawakuwahi kusikia chochote siku zile. Waongo. Kilio kile kilipita kwenye kila birika na kila mfereji, miaka mia mbili, mpaka vyumbani mwao, na wake zao waliamka vifua vimelowa hawajui kwa nini, na waume zao wakawaambia, lala, ni maji hayo.