Kwa Nini Mnara wa Shakamba Umeinama

Wageni wanaokuja Shakamba kuupiga picha mnara wetu huambiwa kwamba umeinama kwa sababu ardhi ya upande wa mji ni laini. Huandika, huitikia kwa kichwa, huondoka wameridhika. Wengine husema hata Ulaya uko mnara ulioinama, na watu hupanda ndege kwenda kusimama mbele yake na kujifanya wanausukuma kwa viganja. Huo wa Ulaya waulizeni wenyewe. Wa kwetu mimi naujua. Nilihadithiwa na bibi yangu, naye alihadithiwa na wanawake ambao kazi yao kubwa ilikuwa kuchungulia madirishani, basi habari hii imepita kwa watu wanaoijua kazi yao.

Enzi hizo mnara haukuwapo, na Shakamba ulikuwa mji wa heshima mpaka heshima ikawa mzigo. Mwanamume aliyeoa hakumtazama mama mkwe wake usoni, wala hakumsemesha, wala hakumtaja jina. Mama mkwe naye vivyo hivyo. Wakikutana njiani, mwanamume aligeuza uso ukutani, akasimama hivyo hivyo mpaka mwanamke amepita. Na likiwapo neno la lazima, lilisemwa kwa ukuta. Mmoja alisimama nje, mwingine ndani, na kila mmoja akauambia ukuta lake: “Ewe ukuta, nauliza habari ya mgonjwa.” “Ewe ukuta, mgonjwa hajambo, uji ameunywa.” Basi. Kuuliza mara ya pili ilikuwa utovu wa adabu, maana ukuta hauhojiwi.

Alikuwapo wakati huo mwanamke akiitwa Mwana Tuma, mjane, mlinzi wa mashimo ya chokaa. Kazi hiyo haikuwa ndogo. Wanaume walichoma matumbawe kwenye tanuri, wakajisifu mji mzima, kisha wakaenda zao kulala. Waliobaki kuimwagia maji ile chokaa, kuiponda kwa nyimbo, kuitia shimoni na kuilinda ni wanawake. Chokaa iliyotoka motoni huwa bado ina hasira. Ukiijengea mapema hufura ndani kwa ndani, ikaupasua ukuta uliodhani umeisha. Kwa hiyo hulazwa shimoni miezi sita, ikanyunyiziwa maji, ikafunikwa makuti, mpaka itulie. Na hakuna aliyejua imetulia ila Mwana Tuma. Aliichovya kidole, akaionja kwa ncha ya ulimi, akatamka. Kabla hajatamka, mwiko wa fundi haukugusa shimo.

Mwana Tuma alikuwa na mtoto mmoja tu, Zena. Alizaa saba, akazika sita, akabakiwa na huyo. Zena akaolewa na fundi mgeni, Vuai wa Silima, aliyetoka visiwa vya kusini na timazi yake mfukoni, ule uzi wenye uzito wa kupimia kama ukuta umenyooka. Mgeni huyo alikuwa na adabu hadi wanawake wakafanya kazi yao, yaani wakasema.

“Bi Tuma,” walimwambia wakiwa wanaponda, “mkweo leo kauamkia ukuta wako mara tatu. Huyu kamwoa Zena au kauoa ukuta?”

“Mwacheni mwanangu,” akajibu. “Ninyi mna wakwe au mna mbuzi?”

Wakacheka mpaka mipini ikawatoka mikononi. Lakini angalieni, hilo neno la mwanangu alilisema shimoni. Mwenyewe Vuai hakuwahi kulisikia.

Diwani wa mji, aliyeitwa Shambe, ndiye aliyetaka mnara. Miji ya jirani ilikuwa na minara, naye alichoka kuusikia mji wake ukiitwa mji wa paa za chini. Akamwita Vuai barazani, watu wote wakisikia, akamwambia: “Fundi, mwezi wa Ramadhani nitautazama nikiwa juu ya mnara wangu. Ukiumaliza, nitakukatia kiwanja nyuma ya msikiti, uwe mwenyeji wetu. Usipoumaliza, mji huu utaniachia, wewe na mkeo na hicho kitakachozaliwa.”

Habari ilimfika Mwana Tuma kabla Vuai hajateremka ngazi za baraza. Shakamba ni Shakamba. Alikaa ukingoni mwa shimo akaiangalia chokaa yake. Mnara ukiisha, Zena anabaki. Usipoisha, Zena anapelekwa visiwani, na mama atakufa akiangaliwa na majirani. Tangu siku hiyo aliilinda ile chokaa kama mtu anayemlinda mtoto asiamshwe.

Vuai naye alijenga. Msingi ulikuwa mzuri, na sehemu ya chini yote aliijenga kwa chokaa ya zamani iliyotulia, ndiyo maana mpaka leo haina ufa. Mnara ukapanda, ukazipita paa, ukapita minazi. Miezi miwili kabla ya Ramadhani chokaa ya zamani ikamalizika. Likabaki shimo moja, nalo lilikuwa na miezi mitatu tu.

Siku zile zile Zena akajifungua mtoto wa kike, kwa shida kubwa, na Mwana Tuma akahamia kwa binti yake kumlea. Mashimo akawaachia wenzake, akawaambia wasimpe mtu chokaa bila neno lake.

Asubuhi moja Vuai alisimama nje ya dirisha la chumba cha uzazi, uso kwenye ukuta. Zena alikuwa amelala kwa uchovu. Mtoto alikuwa mapajani kwa bibi yake.

“Ewe ukuta,” akasema Vuai, “nauliza habari ya chokaa ya shimo la mwisho.”

“Ewe ukuta,” akajibu Mwana Tuma, polepole asimshtue mtoto, “chokaa imelala.”

Hapo ndipo penyewe. Kwetu Shakamba, chokaa imelala maana yake bado imo usingizini, isiguswe. Ikiwa tayari tulisema imeamka. Lakini kule alikotoka Vuai, waliposema imelala walikuwa na maana kwamba imekwisha kulala, imemaliza siku zake, ichukueni. Neno ni hilo hilo, halikupungua herufi. Kama angemtazama usoni, angemwona anatikisa kichwa. Kama angeuliza mara ya pili, angejibiwa. Lakini ukuta hauhojiwi.

“Ewe ukuta,” akasema Vuai, na sauti yake ikawa na furaha, “nashukuru sana. Sana.”

Mwana Tuma akashangaa. Mtu anyimwe chokaa kisha ashukuru hivyo? Akataka kuuliza, neno likamfika ulimini. Akalimeza. Akajiambia ni ile adabu yake iliyozidi, akaendelea kumbembeleza mtoto.

Vuai akaenda mashimoni. Wanawake wakamwuliza kama amepata ruhusa, akasema, “Nimepata.” Laiti angelilitaja lile neno alilopewa, wangelipiga kelele mpaka Diwani angetoka. Hakulitaja. Mtu mpole kama yule, aliyekuwa hajapata kusema uongo hata kwa mzaha, nani angemhoji? Wakafunua makuti wakamchotea.

Akajenga siku tisa. Mnara ukapanda haraka, mji ukafurahi, Diwani akaanza kujipima hewani atakavyosimama.

Siku ya kumi Zena alikuwa amepata nguvu kidogo, na mama yake akasema acha nikainyunyizie chokaa yangu maji, nirudi. Alipofika shimoni akaona makuti yamefunuliwa na shimo limebaki ganda jeupe pembeni. Akauliza ni nani. Wakamwambia.

Hakungoja shela wala viatu. Mwana Tuma ambaye wanaume wa mtaa wa pili walikuwa hawajui hata rangi ya nywele zake, alikimbia kichwa wazi katikati ya mji, saa ya watu kutoka msikitini. Bibi yangu alisema wanawake walifungua madirisha kumcheka, na walipoiona sura yake wakayafunga.

Alipofika, mnara ulikuwa unalia. Iliyolia ni ile chokaa changa: ilikuwa inafura ndani ya mawe, ikitoa mlio kama chungu kinachoanza kupasuka. Unga mweupe ulikuwa unadondoka toka juu. Wafanyakazi walikuwa wameteremka kula. Vuai alikuwa peke yake chini ya jukwaa la ujenzi, upande wa mji, ameishika timazi yake, anashangaa kwa nini uzi hautulii.

Mwana Tuma akafungua kinywa, na desturi ikamtangulia. Miaka yote ilikuwa imekifundisha kinywa chake njia moja tu. Akapiga kelele: “Ewe ukuta, njoo huku! Njoo huku upesi!”

Na ukuta ulisikia. Ulikuwa umeambiwa mambo ya watu tangu mji ulipojengwa, salamu, maradhi, posa, na siku zote neno lilikuwa la mtu mwingine. Siku ile uliitwa wenyewe, na aliyeuita ni mama wa chokaa yake. Ukaja. Mnara mzima ukainama upande wa Mwana Tuma, taratibu, kama mtu aliyeitwa na mama yake.

Ndipo Mwana Tuma alipoivunja desturi. “Vuai!” akaita. “Vuai, mwanangu, kimbia!”

Vuai aliinua macho. Alimwona mama mkwe wake amesimama mbele yake, kichwa wazi, uso wazi, anamtaja kwa jina. Na masikini yule kijana akafanya alilofundishwa na kila mzee, jambo ambalo angelifanya mwanamume yeyote mwenye malezi. Aligeuza uso wake ukutani, akasimama.

Mawe ya juu yakaanguka yote.

Walimzika alasiri ile ile. Mnara haukuendelea kuanguka. Ule uliojengwa kwa chokaa iliyotulia ulibaki umeinama, ukakaukia hapo. Diwani Shambe, kwa aibu na hofu, akaamuru ubomolewe. Mwana Tuma akaenda barazani, akamtazama usoni mbele ya wanaume wote.

“Ukuta ulinisikia,” akasema. “Niliyetaka anisikie hakunisikia. Uacheni kama ulivyo, kila mtu auone.”

Hakuna aliyeugusa. Mwezi wa Ramadhani mwaka ule Diwani aliutazama akiwa amesimama chini, mchangani, pamoja na watu wengine.

Zena hakwenda visiwani. Alibaki na mama yake, kama mama alivyotaka, na kwa muda mrefu hakuna aliyeweza kusema hilo ni jema. Mtoto akakua, akaposwa. Siku ya harusi bwana harusi alipofika mlangoni, akauelekea ukuta kama kawaida, aseme lake. Zena alikuwa ndani. Mwana Tuma, ambaye wakati huo alikuwa hawezi kusimama bila kushikwa, akamwambia binti yake, “Toka nje.” Zena akatoka. Akajifunua uso, akamwita mkwewe kwa jina, akamwuliza: “Unanisikia?”

Kijana akauacha ukuta, akamgeukia. Akajibu: “Nakusikia, mama.”

Na tangu siku ile ya Vuai mnara wa Shakamba umeinama, na mafundi wetu hawasemi tena chokaa imelala wala imeamka. Husema bado, au husema tayari. Na tangu harusi hiyo bibi harusi wa Shakamba hatoki chumbani mpaka mama yake amesimama mbele ya mkwewe, uso kwa uso, akamwuliza kama anamsikia. Miji mingine hutucheka, husema wakwe wa Shakamba hawana haya. Wacha wacheke. Kijana akijibu huku ameinamisha kichwa, hilo kwetu si jibu. Huulizwa tena, na tena, mpaka ainue uso.