Keria ya Kumpeleka Bibi Kabula Harusini

Sogeeni. Mwenye karanga azitafune taratibu, maana mwishoni nitawauliza jambo, na sitaki mtu aseme hakusikia.

Huko Usukumani Bibi Kabula alikuwa na wajukuu watatu. Jilala alijaliwa macho: kitu kilichotupwa na kila mtu, yeye hukiona bado kina kazi. Limbu alijaliwa mikono: chuma kikiingia mikononi mwake, kinatii. Nyanzala alijaliwa mashaka: haamini kitu mpaka akijaribu mwenyewe. Aliwahi kujaribu hata mzinga wa nyuki, lakini hayo tuyaache.

Asubuhi ya harusi ya mjukuu mwingine, ng'ambo ya mto, gari la kumchukua Bibi likashindwa kuvuka. Mvua ilikuwa imebomoa daraja, pamebaki magogo ya kupita watu na baiskeli. Na Bibi mguu umemvimba. Na kwa desturi ya ukoo ule, bi harusi hatoki ndani mpaka bibi yake amvishe ushanga shingoni. Bibi asipofika, hakuna harusi!

"Tukuitie pikipiki, mke wangu?" Jilala akamuuliza, kama wajukuu wa kiume wanavyowatania bibi zao.

"Pikipiki ilishanimwaga mara moja, inatosha," Bibi akajibu. "Marehemu babu yenu alinioa nikiwa kwenye keria ya baiskeli. Nitafutieni baiskeli. Mguu huu umebakiwa na ngoma moja tu, na atakayenifikisha ndiye nitakayeicheza naye, mbele ya watu wote."

Wajukuu wakaruka kwa furaha. Kucheza na Bibi Kabula kulikuwa heshima ya kusimuliwa miaka. Lakini baiskeli yao ilikuwa ile ya gia, nyuma yake tupu, haina keria wala tundu la kufungia keria.

Jilala akaanza kuzunguka kijiji kwa macho yake. Akapita penye vyuma chakavu, hakuona kitu. Akachungulia banda la kuku la jirani, Mama Ng'washi, akamkuta tetea mmoja amelalia mayai kwa raha zake. Wewe na mimi tungemwona kuku. Jilala aliona keria ya zamani, imetandikwa majani. Akamsihi Mama Ng'washi, akamfumia kuku kiota kipya cha ukindu, akadonolewa mkono, na keria akaipata.

Limbu akaipokea, akaipima, akacheka. Ilikuwa ya baiskeli kubwa ya zamani, miguu mirefu kuliko gurudumu lao. Akawasha moto. Akaikata miguu, akazibamiza ncha zake mpaka zikawa bapa, akatoboa matundu, akaibana kwenye nati za gurudumu la nyuma. Mbele akaishikiza kwenye nguzo ya kiti kwa kipande cha bati na bolti. Alipomaliza, ungedhani baiskeli ilizaliwa nayo.

Wakaijaribu kwa gunia la viazi vitamu. Limbu akazunguka nalo uwanja mzima, gunia limetulia, viazi havikulalamika. "Tayari!" wakapiga kelele wale wanaume wawili.

"Tayari kwa nani?" akauliza Nyanzala. "Gunia mmelikalisha katikati. Gunia halivai kanga, wala halikai upande." Akapanda yeye, miguu yote upande mmoja kama anavyokaa mwanamke wa heshima. Keria ikainama, kisigino kikaikaribia spoki, na ncha ya kanga ikaanza kumezwa na gurudumu. Nyanzala akaruka chini kabla hajavuliwa hadharani. Akafunga waya mshazari, kutoka mguu huu wa keria hadi ule, isiyumbe tena. Akapasua dumu, akalifunga ubavuni kukinga kanga. Akafunga kipande cha mpini wa jembe, Bibi akanyagie. Halafu akapanda tena, na safari hii akazunguka uwanja akiimba.

Basi Bibi akapandishwa, akakalia mto uliowekwa juu ya keria. Wakapokezana kuendesha, wakavuka magogo wakiisukuma polepole, naye Bibi njia nzima akipungia watu mkono kama mkuu wa mkoa. Wakafika. Ushanga ukavishwa, bi harusi akalia, Bibi akalia, vigelegele vikapaa. Ngoma ikalia.

Bibi akasimama, akanyoosha mkono. "Haya, nani?"

"Mimi, mke wangu," akasema Jilala. "Bila macho yangu, Limbu angefua nini? Upepo?"

"Mimi, mke wangu," akasema Limbu. "Alicholeta Jilala kilikuwa kiota. Mimi ndiye niliyekifanya keria."

"Ni mimi, Bibi," akasema Nyanzala. "Hawa walitengeneza keria ya viazi. Mimi nilitengeneza ya kwako."

Bibi akawatazama mmoja mmoja, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Mume wangu huyu, mume wangu yule, na mke mwenzangu! Wote mnasema kweli, na wote nawapenda. Lakini mguu unapoa. Amueni."

Watu wakagawanyika. Wazee wakamtaja Jilala, mafundi Limbu, na akina mama wote Nyanzala. Kuku wa Mama Ng'washi kama angekuwepo, sijui angemtaja nani. Mpiga ngoma akashusha mkono, akawageukia waliokaa, kama ninavyowageukia ninyi sasa.

Msiniambie wacheze wote. Ngoma ni moja, na mguu ni ule ule. Bibi bado amenyoosha mkono.

Je, wewe ungeuweka mkononi mwa nani?