Mbiu ya Punda wa Machano

Hapo zamani, katika mji wa Kikwaju, alikuwapo sultani aliyechoshwa na wapiga mbiu. Kila alfajiri pembe zilimtoa usingizini. Huyu anauza kunde, yule kapotelewa na kuku. Basi akaamuru kila mbiu ipite kwanza kwa Mkaguzi, Bwana Mngumi, na atakayetangaza jambo bila idhini achapwe viboko hadharani. Na huyo Mngumi, jamani, mpe mjinga mamlaka uone! Akatunga masharti mpaka yakamzidi mwenyewe: neno lisitajwe mara tatu, mbiu isiwe fupi, isiwe ndefu, tena isifanane na nyingine.

Ikawa Machano, mchukuzi wa maji, maskini wa kutupwa, akapotelewa na punda wake. Bila punda huyo jikoni kwake hakufuki moshi. Akaenda kwa Mkaguzi mbio.

"Punda wangu amepotea, bwana. Ni punda wa kijivu, punda mwenye sikio lililokatika."

"Punda mara tatu. Imekataliwa."

Kesho yake akarudi. "Mnyama wangu amepotea, ana masikio marefu, moja limekatika."

"Mnyama gani? Haieleweki. Imekataliwa."

Akaenda kuitengeneza upya, punda kamtaja mara moja tu, kila neno mahali pake. Mngumi akaisikiliza, akapiga miayo. "Imefanana na nyingine. Imekataliwa."

"Imefanana na ipi, bwana?"

"Masharti hayasemi nikueleze."

Machano akatoka amefura kwa hasira. Nyumbani watoto wamelala na njaa, na mkewe, Mize, akamwambia, "Baba Subira, mwendee Sultani mwenyewe. Huyo Mngumi atatuua."

Basi siku ya Ijumaa akaenda. Akamkuta Sultani amesimama juu ya chetezo, akilifukiza joho lake udi kabla ya kwenda msikitini, na Mngumi kando yake akimsifu. Kabla Machano hajatoa salamu, lahaula! Akaona pindo la joho limeshika moto kwa nyuma. Mwingine angepiga ukelele. Machano akakumbuka viboko, akamkumbuka na punda wake, akapiga magoti mbele ya Mngumi kwa adabu zote.

"Bwana Mkaguzi, ninayo mbiu. Moto, moto, moto!"

"Mara tatu," akasema Mngumi bila hata kugeuka. "Imekataliwa."

"Basi, moto."

"Fupi mno."

"Kuna kitu chekundu, chenye joto, kinapanda taratibu kuyaelekea makalio ya mtu mtukufu."

"Mtu gani? Haieleweki."

Hapo habari ikamfikia mwenyewe. "Moto! Moto! Moto!" akapiga kelele Sultani, akatimua mbio, akajitumbukiza katika birika la kutawadhia, kilemba na vyote.

Akatoka anachuruzika maji. "Ewe Machano! Umeniona naungua, ukanyamaza?"

"Sikunyamaza, Maulana. Nimeomba idhini, nikanyimwa. Na hiyo mbiu yako nayo imetaja moto mara tatu. Sijui kama Bwana Mkaguzi ataipitisha."

Sultani akamkazia macho, kisha akacheka mpaka akakaa chini na maji yake. "Nawe ni shida gani iliyokuleta hapa?"

Machano akaeleza yote. Sultani akamgeukia Mngumi. "Mbiu yake ilifanana na ipi?"

Mngumi akajibu kwa sauti ndogo, "Na ya mtunza zizi lako, Maulana. Alileta mbiu kwamba ameokota punda wa kijivu, sikio limekatika."

"Mbona sikuisikia?"

"Niliikataa. Ilifanana na ya huyu."

Kicheko kikamkauka Sultani. Aliona haya, kwani punda wa maskini alikuwa akila majani zizini mwake siku zote hizo kwa sababu ya amri yake mwenyewe.

Ikawa Machano akarudi kwake na punda wake, na gunia la mchele juu ya mgongo wa punda. Mngumi akapewa pembe, akaambiwa azunguke mji mzima akitangaza kwamba masharti yamefutwa. Na kila mlango alioupita, kina mama walichungulia wakamwitikia, "Umeshasema mara tatu, bwana! Imekataliwa!"

Hekaya yangu imekomea hapo. Atakayeiona fupi mno, naye aikatae.