Mbwa Aliyekataliwa na Nyumba Tatu

Hapo zamani, wala si ile zamani ya majini bali ya juzi tu, milimani Upare kulikuwa na ua mmoja wenye nyumba tatu. Nyumba ya juu alikaa Bibi Namkunda, mama mwenye ua. Ya kati alikaa mwanawe Mrutu, kapera mvivu wa kutembea. Ya chini alikaa mkwewe Nakijwa, mjane aliyelea wanawe kwa kilimo cha tangawizi.

Bwana shamba Kiondo alipohamishwa aliwaachia mbwa wake, wa aina ya teria, mdogo mwenye ndevu, jina lake Chachu. Akasema, "Mjaribuni. Msimdharau kwa kimo chake. Hubweka, huchimba, na asipokimbizwa hukosa raha. Asipowafaa, nitamchukua nikija kufuata vyombo vyangu."

Wakamjaribu. Kwa Bibi alibweka hadi kuku wakaacha kutaga. Bibi akasema, "Si kwangu!" Kwa Mrutu alimvuta kwa kamba mpaka bondeni, akamrudisha hoi. Mrutu akasema, "Si kwangu!" Kwa Nakijwa alikimbilia shimo la kuhifadhia mbegu za tangawizi, akachimba, udongo ukaruka. Nakijwa akasema, "Kwangu ndiyo kabisa, hapana!"

Na Nakijwa alikuwa na lake moyoni. Mbegu zile ndizo msimu wake wote, nazo zilikuwa zinapungua. Leo zimepungua, kesho zimepungua, na mgeni hakuonekana. Basi akamtazama Mrutu, akatamka neno baya: "Shemeji, mwizi yumo humu humu."

"Mimi? Mimi niwaibie watoto wa kaka yangu?" Mrutu aliapa, akalia. Haikusaidia. Nakijwa akaenda kwa Bibi kuomba chungu kivunjwe. Ninyi mnaijua habari ya chungu: kikishavunjwa kwa kiapo, laana humfuata mwizi na uzao wake, wala haiulizi kama ni mwanao; na kikivunjwa bure, huwarudia waliokivunja. Bibi alimtazama mwanawe, lakini haki ni haki. Akakubali.

Siku ya chungu ndiyo siku aliyokuja Kiondo kumchukua mbwa wake. Chachu alifungwa nguzoni, akabweka, akabweka, mpaka Bibi, chungu mkononi, akashindwa kukumbuka maneno ya kiapo. "Huyu atanipasua kichwa!" Akamfungua. Chachu huyo, shimoni!

Nakijwa akamfuata, jembe juu. Alitaka kumpiga, siwadanganyi. Lakini akaona tundu nyuma ya mbegu, limeingia ndani kabisa ya ukuta wa shimo. Akateremsha jembe, akalipanua lile tundu. Chachu akajitosa. Mara udongo ukaporomoka, kubweka kukakatika.

Hapo Mrutu, yule mvivu, yule aliyeitwa mwizi, akaingia tunduni hadi kiuno. Akaumwa kidole, akapiga yowe, asitoke mpaka alipoishika miguu ya nyuma ya mbwa. Akamvuta. Chachu naye alikuwa amemng'ang'ania panya buku, mnene kama paka. Na huko alikotolewa panya kulikuwa na ghala lake: tangawizi tele, za Nakijwa!

Nakijwa akapiga magoti. "Nisamehe, shemeji. Nimekukosea."

"Inuka, shemeji. Yameisha."

Bibi akaketi chini na chungu chake kizima mapajani, akacheka na kulia kwa pamoja. Chupuchupu wajilaani wenyewe.

Kiondo akashika kamba. "Haya, naondoka na mbwa wangu."

"Mbwa gani?" wakauliza wote.

Bibi akasema, "Huyu ni wangu. Mimi ndiye niliyemfungua. Bila mimi saa hizi tungekuwa tunaokota vigae. Abweke atakavyo, usingizi nitalala kaburini."

Nakijwa akasema, "Ni wangu, mama. Jembe lilikuwa mkononi mwangu, nikalizuia, nikamfungulia njia. Achimbe, ilimradi msimu wangu upone."

Mrutu akasema, "Ni wangu. Nilimtoa ardhini pumzi zikimwishia, nikiwa bado naitwa mwizi. Nitamkimbiza kila asubuhi, hata nife."

Kiondo akakuna kichwa. "Mbwa hagawanywi. Akiwa na mabwana watatu, kila mmoja atadhani mwenzake amempa chakula. Mlango ni mmoja tu. Semeni ni upi."

Wakabishana mpaka uji ukapoa. Nami nawatupia ninyi mnaocheka: aliyefungua kamba, aliyezuia jembe, na aliyeingia tunduni, je, nani alistahili kulaliwa mlangoni na Chachu?