Siku Tisa za Mama Glorious

Methali isemayo "Ngoja ngoja huumiza matumbo" hutuonya kwamba jambo la haraka likiahirishwa, hata kwa nia njema, huumia yule aliyekuwa akisubiri. Flavia, mkulima wa kahawa katika kijiji cha milimani nje kidogo ya mji wa Mbinga, aliijua methali hiyo tangu shuleni. Siku ilipomhusu, hakuikumbuka.

Mumewe, Salvatory, alikuwa dereva wa lori la makaa ya mawe kutoka Ngaka. Mwezi wa nne, mvua ikinyesha, lori liliserereka mteremkoni likapinduka. Utingo wake, Raimundi, alifariki palepale. Salvatory alitoka bila mchubuko, lakini tangu siku hiyo akawa mkimya kama maji mtungini. Usingizi ulimpaa. Akisinzia kidogo, hushtuka akimwita Raimundi.

Jumapili moja alimwambia mkewe, "Mama Glorious, kichwa changu kimechoka. Nitafutie mtu wa kuongea naye."

Flavia alikwenda kwa jirani yao Edina, afisa ustawi wa jamii aliyehamia kikazi kutoka Bukoba. Edina hakusita. "Hospitalini mjini yupo mshauri wa afya ya akili. Kesho asubuhi nawapeleka mwenyewe."

"Kesho tunaanza sala za novena, dada," alijibu Flavia. "Ni siku tisa tu. Tukikimbilia kwa madaktari, Mungu atatuona hatuna imani. Halafu watu wakisikia ametibiwa kichwa, nani atampa tena lori?"

Edina alisihi hadi akachoka. Salvatory alipoambiwa, aliinamisha kichwa. "Siku tisa," alirudia, basi.

Siku ya tano palitokea ajabu. Salvatory alioga, akanyoa ndevu, akatabasamu. Baiskeli yake akampa jirani, Ignatio. Jembe lake zuri la kuchimbia ngoro, yale mashimo ya kilimo cha milimani, akampelekea shemeji yake. Rozari aliyoachiwa na mama yake akamvisha binti yake, Glorious.

Kesho yake, Jumamosi, jumuiya ya Wakatoliki ilikusanyika kwa Ignatio kusali novena. Edina naye alialikwa, ingawa ni Mlutheri. Flavia alisimama akatoa ushuhuda kwamba mumewe amepona, hata anagawa vitu vyake kwa furaha; machozi yalimlengalenga. Wanawake walipiga vigelegele.

"Novena hii msiikatishe," alitania Ignatio. "Mimi nimeshapata baiskeli. Siku ya tisa nategemea pikipiki!"

Watu waliangua kicheko. Edina peke yake hakucheka. Alimgeukia Flavia.

"Mama Glorious, mumeo yuko wapi sasa hivi?"

"Nyumbani. Amesema tumwache apumzike."

"Mtu anayegawa vitu vyake namna hiyo hajapona. Anaaga!"

Kicheko kilikatika kama uzi. Walitimua mbio katikati ya mikahawa, vitenge vikiwaanguka. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo ndani. Ignatio aliupiga bega mara tatu, ukang'oka.

Salvatory alikuwa ameketi kitandani, amevaa suti yake ya harusi, karatasi mapajani. Alikuwa hai. Aliwatazama kama mwenyeji anayetazama wageni waliofika msiba umekwisha. Flavia aliichukua ile karatasi akaisoma. Mstari wa mwisho ulisema: "Mke wangu, nilijitahidi kuzifikisha siku tisa. Nimeshindwa."

Flavia akaketi sakafuni.

Edina hakuuachia mkono wa Salvatory mpaka walipofika hospitalini. Mshauri, mzee Tobias, alimwingiza chumbani akafunga mlango. Akiwa kwenye benchi la nje, Flavia alimsikia mumewe akilia, mara ya kwanza tangu ajali.

Baada ya saa mbili mzee Tobias alitoka. "Tutamlaza. Hali hii imekomaa. Itachukua wiki nyingi. Angekuja mapema, tungeanza kabla haijafika hapa."

"Shikamoo, baba," Flavia alimwamkia. "Jumatatu... mlikuwepo?"

"Marahaba. Tangu saa mbili asubuhi, mama. Sikuwa na mgonjwa hata mmoja."

Flavia alijifunika uso kwa kitenge. "Na novena yangu, baba? Zimebaki siku tatu."

"Zimalizie hapa hapa kwenye benchi. Mungu anapajua hospitalini."

Flavia alipiga ishara ya msalaba. Mungu hakuwa amemwagiza asubiri; ni yeye mwenyewe aliyesubiri, na maumivu yakawa ya Salvatory. Hakika, ngoja ngoja huumiza matumbo.