Kibanzi Katika Mlango wa Fundi Shaame

“Mlango wa masika haurandwi.” Mmemsikia mjomba wenu akimwambia Hamadi neno hilo leo asubuhi, mkacheka, kwa kuwa Hamadi hana mlango wala randa. Ana hasira tu, anataka kumfukuza mdogo wake nyumbani, eti tangu aanguke mtihani amekuwa hasemezeki. Kaeni basi, na wewe punguza kutafuna. Methali hii ilianza hivi.

Alikuwako Pemba fundi wa milango, jina lake Shaame, na mkewe akiitwa Mize. Mlango wa chumba chao Shaame aliuchonga mwenyewe kwa mti wa mfenesi, siku za harusi yao, nao ulifungwa taratibu kama kope za mtoto anayesinzia. Alimpenda mkewe, aliupenda na mlango wake.

Mwaka mmoja masika yaliingia siku ileile aliyozikwa mama yake Mize. Ilinyesha mvua isiyo na haraka, asubuhi mpaka asubuhi. Chumvi iligeuka maji kibuyuni. Njiti za kiberiti zilisuguliwa zikatoa harufu tu. Nguo za sandukuni zikaota ukungu, na ngoma ya harusi ya jirani, ngozi imelegea, ilijibu kama mtu anayesema usingizini. Shaame alipita ndani ya nyumba yake akihisi anatembea chini ya maji, na kila kitu kinaelea mbali naye kidogo.

Aliyeelea mbali zaidi ni Mize. Alihama chumbani, akawa analala juu ya mkeka wa marehemu mama yake. Akisemeshwa alijibu neno moja. Wali ulikuja umeungua, au mbichi, na Shaame akala. Siku ya thelathini mlango wa chumba nao ukavimba, ukagoma kufunga. Shaame aliusukuma kwa bega, wapi. Akaona hata kazi ya mikono yake inamkataa.

Babu yake alikwisha kumfundisha zamani kwamba mbao iliyokunywa maji haitiwi chuma cha randa. Alijua, na ndilo lililomuuma baadaye, kwamba alijua. Alichukua randa akauranda ule mlango mpaka ukaingia vizuri, maranda ya manjano yakajaa sakafuni. Mize alikuja na ufagio, akayakusanya yote, akaondoka bila kusema kitu.

Kimya kile kilimchoma Shaame. Alitoka barazani na wino na karatasi, aandike talaka. “Mimi Shaame,” aliandika, na wino ukatawanyika katika karatasi yenye unyevu, jina likawa doa. Akaandika tena, likawa doa la pili. Akaikunja, akaitia chini ya mto wake. Ikikauka nitaandika, alisema moyoni.

Arubaini ya marehemu ilisomwa, na siku chache baadaye mvua ikakatika. Kipupwe kikaingia na upepo wake mkavu, na chumvi mpya ikakaa chumvi. Alasiri moja Shaame amejilaza chumbani, mlango umefungwa, akaona mstari wa nuru umesimama ukutani. Mlango ulikuwa umekauka na kusinyaa, na kati yake na mwimo palikuwa na ufa wa kupita kidole gumba. Kwenye ufa ule alimwona Mize ukumbini, anakunja mkeka wa mama yake auweke, huku akiimba kwa sauti ya chini wimbo walioimbiwa siku ya harusi. Shaame aliingiwa na hofu, hofu ya mtu aliyepita kando ya kisima gizani akakiona kulipokucha.

Mize alifika mlangoni, akapitisha kidole katika ufa.

“Nani karanda mlango huu?”

“Miye.”

“Masika?”

“Masika.”

“Na wewe ndiye fundi.” Akaingia kutandika kitanda, akainua mto, akaikuta karatasi. “Na hii nini, bwana? Jina lako mara mbili, limerowa.”

Shaame angeweza kusema ni hesabu ya mbao. Hakusema. “Nilitaka kukuandikia talaka. Nilidhani umenichoka.”

Mize akakaa kitandani. “Nilikuwa namlilia mama,” alisema. “Wewe sikukuchoka. Nilijaa tu, pa kukuweka sikuwa napo.” Aliutazama ule ufa, kisha akamtazama mumewe. “Mlango utaupigilia kibanzi. Mimi ungenipigilia nini?”

Shaame aliinuka akaenda kuchukua nyundo. Alipigilia kibanzi cha mbao nyeupe, makusudi, kionekane, na kila mteja aliyeshangaa mlango wa fundi kuwa na kiraka aliambiwa sababu. Karatasi ile Mize aliitia jikoni pamoja na maranda aliyoyaweka tangu masika. Yalikuwa yamekauka sasa, yakashika moto mara moja, na nyumba nzima ikanukia mfenesi.

Basi nendeni mkamtazame mdogo wake Hamadi, jinsi anavyokaa. Mvua yake haijakatika bado. Mlango wa masika haurandwi.